Tiba ya unga haikomei kwenye dozi ya methadoni

Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Methali hii yaweza kutufafanulia msiba unaozikumba jamaa nyingi za pwani yetu: kijana ameacha unga, ametumia dawa kwa miezi kadhaa, ameanza kunawiri, mara anaonekana tena vichochoroni. Majirani nao hutoa hukumu kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Hukumu hiyo si ya haki.

Tiba ya methadoni ilianza kutolewa nchini katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, mnamo Desemba 2014, ikafika Malindi mwaka wa 2015. Kwa kawaida mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Dozi ikipimwa sawasawa, huutuliza mwili kwa siku nzima au zaidi na kuzuia arosto, yaani yale maumivu ya mifupa, kuhara na kukosa usingizi yanayomfanya mraibu ausake unga kwa udi na uvumba. Hiyo ni neema kubwa.

Hata hivyo, methadoni hailipi kodi ya nyumba, wala haimpatanishi mtu na mkewe. Anayeishi mbali na kliniki sharti atafute nauli kila uchao. Ni mwajiri yupi atakayemvumilia kibarua anayechelewa kila asubuhi? Dhiki hizi, moja moja, ni ndogo. Zikijumlika ndizo zinazolibandua gogo.

Huko Baltimore, Marekani, watafiti waliwapa watu waliokuwa wakitibiwa kwa methadoni vikompyuta vya mkononi ili waeleze hali zao mara kadhaa kwa siku, wakiwa katika shughuli zao za kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2011 yalionyesha kwamba dhiki na hamu ya dawa za kulevya vilikwenda sambamba: moja ilipopanda, nyingine nayo ilipanda. Si kila hamu huzaa kosa, lakini anayeshindana nayo kutwa huchoka.

Kwa sisi tunaoshughulika na lugha, kuna dhiki moja ambayo hatuna budi kuitaja. Mtu huyu wengi humwita “teja”, na wenzake “mateja”. Litazame neno hilo: ni kama “mteja” aliyepokonywa kiambishi chake, akaondolewa katika ngeli ya watu na kutupwa pamoja na majitu na majizi. Mhudumu wa kliniki anayemwita mteja humrudishia kile kiambishi. Akitoka langoni, mtaa humpokonya tena. Anaweza kukaa mwaka mzima bila kugusa unga, lakini kuku akipotea mtaani, yeye ndiye wa kwanza kuulizwa. Mtu atajitahidi hadi lini ikiwa juhudi zake hazimbadilishii hata jina?

Wapo watakaosema kwamba huku ni kuwadekeza wakosaji. La hasha. Mraibu ana wajibu wake, na hakuna awezaye kumtimizia. Lakini anayeteleza akifukuzwa nyumbani na kuacha tiba, yamkini atarudia kipimo chake cha zamani cha unga ilhali mwili umekwisha kupoteza mazoea. Kipimo hicho chaweza kumzimia pumzi. Hatari huzidi akichanganya na pombe au vidonge vya usingizi.

Kwa hivyo, serikali za kaunti zisihesabu chupa za dawa pekee. Zisogeze huduma karibu na wanakoishi wagonjwa, zifungue kliniki mapema ili kibarua awahi kazini, na ziajiri washauri wa kutosha. Waajiri nao wawape nafasi. Nasi wengine tuanze na lililo rahisi zaidi, lisilohitaji bajeti wala mfadhili: tumwite mtu huyu kwa jina alilopewa na wazazi wake.