Mtoi Anahara Deikea? Wacha Kukimbilia Flagyl

Deikea za plot pale Pipeline ama Kayole unazijua: watoi kumi, mkeka mmoja, choo ni ya floor nzima. Mmoja akianza kuhara leo, kesho ni wanne. Utaambiwa ni meno zinamea. Wapi! Ni mikono. Mathe amebadilisha huyu pampasi, akajipangusa na leso, akaenda kulisha yule uji. Sabuni na maji ya kutiririka ndio inakata hiyo story.

Kinachomaliza mtoi sanasana ni maji kuisha mwilini. So dawa ya kwanza ni ORS, pamoja na zinki ya siku 10 hadi 14, hata kama tumbo imetulia siku ya tatu. Soma pakiti ya ORS poa, kuna ya nusu lita na ya lita moja, na ukiweka maji kidogo chumvi inazidi. Mpe pole pole na kijiko. Kama bado ananyonya, aendelee. Flagyl ya kubahatisha haitibu kuhara kwa kawaida, ni doo tu unachoma.

Na ongea na mathe wa deikea mapema: macho yakiingia ndani, mtoi akilegea, akikataa kunywa ama choo ikiwa na damu, asingoje utoke job. Akupigie akiwa njia ya hosi. Mwachie fare ya boda.