Daftari kwanza, cheti baadaye

Kwenye mabanda ya wajasiriamali katika maonyesho ya biashara ya Sabasaba kuna swali linalowababaisha wengi. Mnunuzi wa duka kubwa ananyanyua kopo la siagi ya karanga, analigeuza, anasoma lebo, kisha anauliza: "Mna ISO?" Mwenye banda anamwonyesha alama ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Mnunuzi anaguna, anarudisha kopo mezani na kwenda zake. Jioni, wakati wa kuhesabu mauzo, mwenye kiwanda anajiuliza kama oda imempita kwa kukosa karatasi moja.

Huenda imempita. Lakini kabla hajaanza kuchangisha fedha za cheti, ajue kwanza kilichoulizwa ni nini.

Alama ya TBS inaisemea bidhaa: siagi hii imekaguliwa na kupimwa, nayo inafuata kiwango chake. ISO 9001 inakisemea kiwanda: kazi zimepangwa, kumbukumbu zinatunzwa, kasoro zikitokea zinatafutiwa chanzo na kurekebishwa. Ni mambo mawili tofauti. Kiwanda chenye ISO 9001 kinaweza kupokea gunia la karanga zenye sumukuvu kikalisaga lote. Ndiyo maana kampuni inayotoa cheti hicho hairuhusu alama yake ibandikwe kwenye kopo, mnunuzi asije akadhani siagi ndiyo iliyothibitishwa. Hata shirika la ISO lenyewe, lililoanza mwaka 1947 na lenye makao yake Geneva, halimpi mtu cheti. Lenyewe huandika viwango; ukaguzi na vyeti ni kazi ya kampuni na taasisi nyingine.

Sheria inadai nini

Kwa msindikaji mdogo wa chakula nchini Tanzania, mlango wa kwanza ni TBS, ambayo tangu mwaka 2019 ndiyo inayosimamia pia usalama wa chakula, kazi iliyokuwa ya mamlaka ya chakula na dawa, TFDA. Anayeanza huenda na barua ya utambulisho kutoka shirika la viwanda vidogo, SIDO, na hupata nafuu ya ada. ISO 9001 haimo katika safari hiyo, ni hiari.

Kuvuka mpaka nako kuna mantiki yake. Sheria ya viwango ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2006 inataka alama ya ubora ya nchi mwanachama itambuliwe na nchi nyingine za jumuiya. Mpakani hata hivyo mambo huwa na kona zake. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na baadaye ikafungua mlango kwa masharti, moja ya masharti hayo lilikuwa hati ya kuonyesha kuwa sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Majibu ya maabara ndiyo yaliyopitisha lori, na hakuna cheti cha mfumo, kama ISO 9001, ambacho kingeshika nafasi yake.

Nani anakiulizia?

Basi cheti cha ISO 9001 kina kazi gani? Kina kazi pale ambapo mnunuzi hawezi kuijua bidhaa kwa kuitazama, na hasara ya kasoro moja ni kubwa. Karakana inayochonga vipuri vya mashine za migodini, kiwanda cha vifungashio kinachouzia kampuni kubwa ya vinywaji, fundi anayewania zabuni yenye sharti hilo kwa maandishi: hao wanaweza kukosa hata nafasi ya kutaja bei. Msindikaji wa chakula anayelenga mahoteli au soko la nje ana uwezekano mkubwa wa kuulizwa HACCP au ISO 22000, zinazohusu usalama wa chakula moja kwa moja. Akikimbilia 9001 anaweza kujikuta amelipa na bado anaulizwa.

Kwa hiyo mwenye kiwanda aandike majina. Ni wateja gani wametaka cheti hicho, kwa barua au kwenye nyaraka za zabuni? Oda zao zitaleta faida kiasi gani kwa miaka 3, yaani uhai wa cheti kimoja? Orodha ikibaki tupu, uamuzi umeshapatikana kwa sasa.

Orodha ikiwa na majina, zifanyike hesabu. Wakaguzi hutoza kwa siku, na idadi ya siku hufuata idadi ya wafanyakazi. Kwa mwongozo wa kimataifa, kiwanda cha watu 11 hadi 15 huanzia siku 2.5 za ukaguzi wa mwanzo. Cha watu 16 hadi 25 siku 3. Cha 26 hadi 45 siku 4. Siku hupungua au kuongezeka kulingana na ugumu wa kazi. Kila mwaka kuna ukaguzi wa ufuatiliaji wa takriban theluthi ya siku hizo, na kabla miaka 3 haijaisha kuna ukaguzi wa kuhuisha wa takriban theluthi mbili. Ongeza nauli na malazi ya mkaguzi. Anayelipia mwaka wa kwanza tu amenunua kitu atakachonyang'anywa.

Gharama inayouma zaidi mara nyingi ni ya mshauri. Hapa mtu awe macho. Toleo la mwaka 2015 halilazimishi tena kile kitabu kinene cha ubora ambacho baadhi ya washauri bado wanakiuza kwa kubadilisha jina la kampuni kwenye jalada. Na kampuni inayotoa cheti hairuhusiwi kumshauri mteja huyohuyo inayemkagua. Anayeahidi kukufundisha, kukukagua na kukupa cheti ndani ya wiki moja anakuuzia fremu ya ukutani.

Faida isiyohitaji mkaguzi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sehemu kubwa ya manufaa ya ISO 9001 imo ndani ya methali hiyo, na haidaiwi ada.

Chukua lalamiko moja: mteja amerudisha kopo, siagi imechacha. Kiwanda kisicho na kumbukumbu kitamrudishia hela na kuomba Mungu yasije mengine. Penye daftari, namba ya toleo kwenye kifuniko inaonyesha siku ya kusaga. Ukurasa wa siku hiyo unaonyesha gunia na aliyeliuza, joto la kukaangia, aliyekuwa zamu, na makopo mangapi yalitoka yakaenda wapi. Ndani ya nusu saa mwenye kiwanda anajua arudishe makopo 60 au 600, na gunia lijalo alinunue kwa nani. Akiongeza karatasi ya makosa na hatua zilizochukuliwa, na mizani inayohakikiwa kwa wakati, ameanza kujenga yale ambayo mkaguzi angekuja kuyatafuta. Siku mteja mkubwa akidai cheti, atalipia ukaguzi wa kazi anayoifanya tayari.

Na Sabasaba ijayo, akiulizwa "Mna ISO?", atakuwa na la kujibu: "Bado. Lakini kopo hilo limesagwa Jumanne, karanga zimetoka Dodoma, na majibu ya maabara ni haya hapa."