Babu alipigana Burma: nani ameandika habari zake?

Je, mpenzi msomaji, nyumbani kwenu kuna sanduku la bati ambalo halijafunguliwa miaka mingi? Huenda mna nishani iliyofifia, picha ya kijana aliyevaa kofia pana na cheti cha kuachishwa jeshi. Usiharakishe kuvitupa.

Karibu Wakenya 98,000 walilitumikia jeshi la Uingereza katika Vita Vikuu vya Pili. Wengi walikuwa wa KAR, ambayo wazee waliiita Keya. Wengine walikuwa madereva, wapishi na wajenzi wa barabara. Mwaka 1941 walisaidia kumfukuza Mwitaliano Ethiopia. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita Bonde la Kabaw huko Burma, leo Myanmar, katika mvua, matope na malaria, hata ikavuka mto Chindwin.

Si wote waliofika. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, ikitoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives. Ilizama kwa dakika chache tu na watu wapatao 1,300 wakafa, wakiwemo wanamizinga wengi wa Afrika Mashariki.

Vita vilipokwisha, maaskari Wazungu walisaidiwa kupata mashamba katika nyanda za juu, ardhi ambayo Mwafrika hakuruhusiwa kumiliki. Waruhiu Itote, aliyekuwa Burma na baadaye akaitwa Jenerali China msituni, alieleza maisha yake katika kitabu cha mwaka 1967. Lakini askari wa kawaida hakuandika kitabu. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1944 sasa amepita 100. Tusipouliza leo, kesho tutamwuliza nani?

Fanya haya

Kama babu hayupo, keti na nyanya, au na mtoto wao mkubwa. Washa kinasa sauti cha simu. Uliza: aliandikishwa wapi? Nani alilima shamba akiwa mbali? Mshahara ulifikaje nyumbani? Aliporudi, alikuwa mtu yule yule? Akinyamaza, mwache apumzike. Pengine kuna mambo mazito.

Andika majina yote aliyotumia, kwa sababu karani wa jeshi huenda aliliandika jina alivyolisikia. Nakili namba yake ya jeshi na kikosi. Piga picha kila karatasi, kisha uziweke mahali pakavu. Usizibandike kwa gundi, wala usiisugue nishani.

Wewe uliye Milimani, panda matatu siku moja uende Gilgil na watoto, muone makaburi ya vita. Someni majina kwa sauti. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Nairobi, nayo ina majalada ya enzi hizo kwa mwanafunzi mwenye subira.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Na habari za babu ni mali.