Maana na Asili ya Neno “Bilioni”

Kila msomaji wa gazeti hukutana na neno “bilioni” zinapotangazwa fedha za Serikali. Wengi hulipita upesi, wakijua tu kwamba fedha hizo ni nyingi mno. Lakini neno hilo la Kiingereza limepata kuwa na maana mbili, na maana moja huishinda nyingine mara elfu. Karani akikosea hapo, kosa lake si la shilingi chache.

Mzizi wake ni neno la Kilatini mille, yaani elfu. Waitaliani waliliongezea kiishio cha kukuza, likawa na maana ya “elfu kubwa”; ndiyo milioni, au elfu mara elfu. Mwaka 1484, Mfaransa Nicolas Chuquet aliandika kitabu cha hesabu ambamo alipanga majina ya namba kubwa zaidi. Alitwaa “bi”, ambayo kwa Kilatini ni mara mbili, akaitia mahali pa mwanzo wa neno milioni. Kwake yeye, bilioni ilikuwa milioni mara milioni, yaani 1 ikifuatwa na sifuri 12. Waingereza walilipokea neno hilo katika karne ya 17, wakaishika maana hiyo.

Baadaye Wafaransa waliipunguza bilioni ikawa milioni elfu moja, yaani 1 na sifuri 9. Wamarekani wakawafuata, bali Waingereza wakashikilia desturi yao. Basi mataifa mawili yenye lugha moja yakawa yanatamka neno moja na kuhesabu namba mbili. Mambo yalikuwa hivyo hata tarehe 20 Desemba, 1974, Waziri Mkuu Harold Wilson alipojibu swali Bungeni kwamba Serikali ya Uingereza italitumia neno hilo kwa maana ya milioni elfu. Ajabu ni kwamba Wafaransa walikuwa wamekwisha kuirudia maana ya kale mwaka 1961, nao milioni elfu huiita milliard.

Tofauti hiyo si ndogo. Sekunde milioni moja hazitimizi siku 12. Sekunde milioni elfu ni karibu miaka 32, umri wa mtu mwenye mke na watoto. Sekunde milioni mara milioni ni zaidi ya miaka 31,000.

Siku hizi bilioni ya Kiingereza, na ya Kiswahili pia, ina sifuri 9. Hata hivyo, anayesoma kitabu cha Kiingereza kilichochapwa Uingereza kabla ya mwaka 1974 yampasa kutazama kwanza tarehe yake, na anayepokea barua ya Kifaransa asilifasiri neno hilo kwa haraka. Penye shaka, na aziandike sifuri zote, kwa kuwa sifuri hazina maana mbili. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari lenye neno lisiloeleweka halikupita sana kutokuwa na daftari.