Nani anaishi nyumbani mwako bila jina?

Jumapili ya leo nakuomba tusafiri kwa mawazo hadi Sydney, nchini Australia. Katika mtaa uitwao Bridge Street kuna uwanja mdogo mbele ya jumba la makumbusho. Mistari iliyowekwa kwenye sakafu ya uwanja huo inaonyesha mahali zilipokuwa kuta za nyumba ambayo haipo tena. Ukitazama chini kupitia kioo, unaona mabaki ya msingi wake. Hapo ndipo ilipokuwa nyumba ya Arthur Phillip, Gavana wa kwanza wa koloni la Waingereza katika nchi ile.

Phillip alifika Januari 1788 akiwa na meli 11, nyingi zikiwa zimebeba wafungwa kutoka Uingereza. Mei 15 mwaka huohuo jiwe la msingi la nyumba yake likawekwa, pamoja na bamba la shaba lililoandikwa jina lake, vyeo vyake na tarehe ya siku hiyo. Aliyesimamia ujenzi alikuwa mfungwa, fundi matofali aitwaye James Bloodsworth. Ikasimama nyumba ya ghorofa, ya fahari kuliko zote katika koloni lile changa. Magavana 9 walikaa humo, mmoja baada ya mwingine.

Lakini chokaa ilikuwa adimu, na kuta zikahitaji kukarabatiwa mara kwa mara. Mwaka 1845 Gavana alihamia nyumba mpya, na ile ya zamani ikabomolewa. Barabara ikapita juu yake. Bamba la shaba lilikaa gizani hadi mwaka 1899, wafanyakazi waliokuwa wakichimba mtaro walipolikuta. Msingi wenyewe ulifukuliwa na wataalamu wa mambo ya kale mwaka 1983.

Ndugu yangu, pengine unadhani nitakuambia tu kwamba mali za dunia hupita. Hilo ni kweli, na umelisikia mara nyingi. Leo naomba tumwangalie mtu mmoja ambaye jina lake halikuandikwa kwenye bamba lile.

Desemba 31, 1788, Gavana aliwatuma askari wake wamkamate mwenyeji mmoja wa nchi ile, ili wajifunze lugha na desturi za watu wake. Wakamkamata kijana ufukweni na kumtia pingu mkononi. Mwanzoni alifurahi, akidhani amevishwa pambo. Alipong'amua ni kifungo, furaha yake ikageuka kuwa hasira. Alilishwa vizuri, akavikwa nguo, akaketishwa karibu na meza ya Gavana. Lakini hawakujua jina lake, kwa hiyo wakamwita Manly, jina walilokipa kipande kile cha pwani. Baadaye ndipo walipojua kwamba anaitwa Arabanoo.

Mwaka 1789 ndui iliwapukutisha wenyeji. Wagonjwa walipoletwa, Arabanoo aliwahudumia kwa upole, na maiti ya mtoto wa kike akaichimbia kaburi mchangani kwa mikono yake. Kisha naye akaugua. Alifariki Mei 18, akazikwa katika bustani ya Gavana.

Mpendwa, wale waliomshika hawakujiona wakatili. Walimpa chakula, mavazi na mahali pa kulala, wakaona wamemtendea wema. Sasa geuza macho utazame nyumbani kwako. Yule binti aliyeletwa kutoka kijijini kukusaidia kazi, unamwita nani? Wengi wetu tunamwita "dada" tu, mwaka wa kwanza hadi wa tatu. Hatujui jina la baba yake, wala siku aliyozaliwa, wala kama mama yake bado yu hai. Tukiulizwa tunajibu haraka, "Kwangu anakula vizuri." Arabanoo naye alikula vizuri.

Soma Yeremia sura ya 22, kuanzia mstari wa 13. Nabii anatangaza ole juu ya mfalme Yehoyakimu, aliyejijengea nyumba pana yenye vyumba vikubwa, mbao za mierezi na rangi ya kupendeza, huku akiwatumikisha watu bila kuwalipa. Kisha anamkumbusha habari za baba yake, Yosia. Huyo naye alikula na kunywa, lakini aliwatetea maskini na wahitaji. Na Mungu anauliza: je, huko siko kunijua mimi? Angalia vizuri, msomaji wangu. Hapo kumjua Mungu hakupimwi kwa urefu wa maombi wala kwa uzuri wa sauti kwaya inapoimba. Kunapimwa kwa namna tunavyomtendea mnyonge aliye chini ya dari yetu.

Na tusiishie majumbani. Makanisa yetu mengi yana jiwe la msingi lenye jina la askofu na la mgeni rasmi, na si vibaya. Ila tuulize pia: fundi aliyepandisha ukuta ule alimaliziwa ujira wake? Mlinzi wa usiku amelipwa mwezi huu? Yakobo, katika sura ya 5, anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana.

Leo, ukitoka ibadani, fanya jambo moja kabla ya chakula cha mchana. Mwite anayekutumikia, muulize jina lake kamili na habari za kwao. Kama unadaiwa mshahara wake, mlipe leo. Mwachie simu azungumze na mama yake. Kisha mkaribishe mezani, mle pamoja.

Siku moja nyumba zetu nazo zitabomolewa, na wengine watapita juu yake bila kujua tuliishi hapo. Lakini Mungu anawajua kwa majina wote waliolala chini ya paa zetu, na kwa habari zao atatuuliza.

Bwana akubariki wewe, nyumba yako, na kila anayefanya kazi ndani yake. Amina.