Uigaji katika Takwimu za Bayes na Ukadiriaji wa Dhahabu Isiyochimbwa: Ukanda wa Geita na Shinyanga

Miamba yenye dhahabu ya Geita na ya Bulyanhulu, wilayani Kahama mkoani Shinyanga, ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Dhahabu haikutawanyika humo kwa usawa. Sampuli mbili zilizochukuliwa mita chache tu baina yao zaweza kutofautiana sana. Mfumo huu huchukuliwa kuwa wa kinasibu, si kwa kuwa hauna visababishi, bali kwa kuwa visababishi hivyo havionekani kati ya shimo moja la uchorongaji na jingine.

Mwaka 1951, Danie Krige alionyesha kwa data za migodi ya Witwatersrand, Afrika Kusini, kwamba vitalu vinavyokadiriwa kuwa tajiri mno kwa sampuli chache huelekea kutoa dhahabu pungufu vinapochimbwa. Mkabala wa Bayes hulieleza jambo hili kwa uwazi: ujuzi wa awali kuhusu mwamba mzima huunganishwa na ushahidi wa sampuli, na sampuli zikiwa chache, kadirio huvutwa kuelekea wastani wa mgodi.

Hata hivyo, kadirio moja halitoshi. Mgawanyo wa uwezekano unaopatikana baada ya data kwa kawaida ni mgumu kukokotolewa moja kwa moja. Kwa hiyo hutumika algorithimu kama ile ya Metropolis na wenzake ya mwaka 1953, iliyopanuliwa na Hastings mwaka 1970. Kompyuta huunda taswira nyingi za mwamba, kila moja ikiafikiana na sampuli zilizopo.

Chukua mfano wa kubuni wa kitalu cha tani 5,000, ambacho gharama zake hurudi dhahabu ikifika gramu 1.0 kwa tani. Wastani wa taswira 1,000 ni gramu 0.9, kwa kigezo hicho pekee, kitalu ni kifusi. Lakini taswira 400 zina wastani wa gramu 1.8, na 600 zilizobaki gramu 0.3. Upo basi uwezekano wa asilimia 40 wa kutupa ziada ya gramu 0.8 kwa kila tani. Kwa wastani, kutojua kunagharimu gramu 0.32 kwa tani, yaani gramu 1,600 kwa kitalu kizima. Shimo jipya la uchorongaji linalogharimu zaidi ya thamani hiyo halifai; lenye gharama ndogo zaidi linastahili kufikiriwa.

Hesabu hii ina uzito wa pekee kwa mchimbaji mdogo, ambaye huweza kumaliza mtaji wake katika duara moja kabla ya kuifikia mbale. Uigaji hauongezi dhahabu ardhini, wala hausahihishi dhana potofu za awali. Kwa sababu hiyo, mtafiti hana budi kuzitaja dhana hizo bayana, kuzibadilisha, na kupima iwapo uamuzi unabaki uleule.