Kabla ya Kuomba Pampu Mpya: Soma Kwanza Dalili za Pampu Yako

Buigiri, wilayani Chamwino, ipo katika uwanda mkavu wa Dodoma. Mvua hunyesha msimu mmoja tu, takriban Desemba hadi Aprili, na kwa wastani hufikia milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Katika mazingira haya pampu ya mkono ikiharibika mwezi wa Septemba, akina mama na watoto hurudi kuchimba mashimo kwenye mchanga wa korongo, na maji yake si salama.

Mara nyingi taarifa inayofika ofisini huwa ni moja: "Pampu imekufa, tunaomba nyingine." Lakini chanzo cha tatizo huweza kuwa mpira mdogo uliochakaa, au hata upungufu wa maji kisimani, ambao pampu mpya haiwezi kuuondoa. Makala hii inaeleza namna ya kutambua tofauti hiyo, iwe kisima ni cha nyumbani, cha usharika au cha kijiji.

Vipimo viwili rahisi

Kwanza, hesabu mipigo ya mpini inayojaza ndoo ya lita 20. Andika idadi hiyo katika daftari siku pampu inapofungwa au kutengenezwa, kisha rudia kila mwezi. Idadi ikizidi kupanda, pampu inachoka.

Pili, piga pampu hadi maji yatoke vizuri, iache nusu saa bila mtu kuigusa, halafu piga tena. Maji yakitoka baada ya mipigo michache, mabomba yanashikilia maji. Ikihitajika mipigo mingi, maji yanarudi kisimani.

Dalili na maana yake

1. Maji huchelewa, kisha hutoka vizuri. Vali ya chini haifungi sawasawa, au bomba limetoboka au limelegea kwenye maungio.

2. Maji hutoka mara moja lakini ni kidogo. Mpira wa pistoni umechakaa.

3. Mpini umekuwa mwepesi ghafla na maji hayatoki. Kwa kawaida fito za chuma zinazovuta pistoni zimekatika au zimeachana.

4. Maji hutoka vizuri, hukatika, kisha hurudi baada ya kupumzika. Kisima kinajaa polepole kuliko maji yanavyotekwa. Msinunue kipuri chochote kabla ya fundi kupima kina cha maji. Huenda ikatosha kupanga zamu za kuteka au kushusha silinda, kama kina cha kisima kinaruhusu.

5. Maji yana mchanga. Mchanga husaga mipira haraka. Kubadilisha mpira bila kushughulikia kisima chenyewe ni kurudia gharama.

6. Maji ni mekundu. Linganisha ndoo ya kwanza ya asubuhi na ya kumi. Yakitakata, kutu inatoka kwenye mabomba ya chuma. Yasipotakata, huenda madini ya chuma yamo ndani ya maji, na yanafaa kupimwa maabara.

Nani afungue pampu?

Afridev ilibuniwa miaka ya 1980 ili wanakijiji waitengeneze wenyewe. Pistoni yake hutolewa bila kung'oa mabomba, ambayo ni ya plastiki. India Mark II ya kawaida ina mabomba mazito ya chuma, na kufikia pistoni ni lazima yatolewe. Bomba likiponyoka linaweza kuziba kisima kabisa, hivyo kazi hiyo aachiwe fundi mwenye vifaa vya kunyanyulia. Kamati inaweza kukaza nati, kupaka grisi mnyororo na kuziba nyufa za sakafu ya zege. Baada ya kufungua pampu yoyote, kisima kitiwe dawa ya klorini kwa kipimo cha mtaalamu wa maji au afya.

Wajibu wa kamati na wafadhili

Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliwataka wananchi wa vijijini kugharamia uendeshaji na matengenezo ya miradi yao. Sheria Na. 5 ya mwaka 2019 ilianzisha RUWASA, na kwa visima vya jamii usimamizi hufanywa kupitia vyombo vya watumiaji maji. Kwa hiyo kamati ya usharika yenye kisima kinachohudumia kijiji ishirikiane na chombo hicho mapema, kabla pampu haijasimama.

Tunaziomba kamati ziambatanishe na kila ombi nakala ya daftari la pampu, matokeo ya vipimo viwili vilivyotajwa na salio la mfuko wa maji. Wafadhili nao tunawaomba waulize mambo hayo matatu kabla ya kutoa fedha, na wakubali kuchangia seti ya vipuri na mafunzo ya mafundi wawili wa kijiji, hata kama kazi hiyo haina kibao cha uzinduzi. Mfuko ukaguliwe na vipuri vinunuliwe mwezi wa Juni, baada ya mavuno, wakati kaya nyingi zina uwezo wa kuchangia na kiangazi hakijakaza.